Breki inazama baada ya kubadili silinda ya nyuma: usikimbilie kupampu

Mkuu, umesema Corolla yako AE100 imebadilishwa silinda ya gurudumu la nyuma kushoto (inayosukuma viatu vya breki), fundi akatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, zaidi ya mara moja, na bado pedeli inazama karibu na sakafu. Ukikanyaga mara ya pili inapanda. Hilo la kupanda ndilo la kuanzia kabla hujamwaga chupa nyingine ya mafuta ya breki.

Breki yenye upepo huwa laini kila unapokanyaga, kwa sababu upepo unabanwa na mafuta hayabanwi. Kama kanyago la kwanza liko chini, la pili liko juu na ni gumu, mara nyingi viatu vya breki vya nyuma viko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Pistoni ya silinda inasafiri sana kabla ya viatu kugusa, na kanyago moja halitoshi kuzijaza silinda. Fundi akifungua dramu hulegeza kirekebishi (kinachosogeza viatu karibu na dramu) ili itoke, kisha anafunga bila kukirudisha. Nyanyua nyuma ya gari, shusha handibreki, zungusha gurudumu la meno la kirekebishi mpaka dramu ikwaruze kidogo sana inapozunguka, pande zote mbili sawa. Jaribu pedeli. Wengi wanaishia hapo.

Dalili ya tatu ni pedeli inayoshuka taratibu ukiwa umeikanyaga na kuishikilia. Hapo tafuta uvujaji: nati za paipu, silinda za nyuma, kalipa (zinazobana diski za mbele), na kapeti chini ya pedeli. Kama kote ni kukavu, sili za ndani ya masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli) zimechoka, na kutoa upepo hakutalitibu hilo.

Sasa kama kweli ni upepo. Jambo la kwanza kwa gari za Tanga ni nipeli, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo. Hewa ya chumvi inaila, hasa kwa gari zinazolala karibu na bahari au zinazopita njia ya Pangani kila siku. Zijaribu zote nne kabla ya kazi yoyote: piga brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu, ziache kwa saa kadhaa, gongagonga pembeni kwa nyundo ndogo. Tumia boksi au spana ya ringi yenye pembe sita, namba 8 au 10 kutegemea nipeli yenyewe. Spana ya mdomo wazi inakula pembe, na nipeli ikikatikia ndani ya silinda umenunua silinda nyingine.

Mafuta: tazama kifuniko cha kopo la masta silinda, gari hizi nyingi zimeandikwa DOT 3. DOT 4 inaweza kutumika badala yake. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye kamwe. Nunua chupa iliyofungwa, nusu lita kwa kutoa upepo, lita moja kama unabadili yote. Yale ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lililo wazi yaache dukani hata kama ni nusu bei. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, na pwani yetu haina hewa kavu. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Kwa mtu wa kuzunguka mjini, Ngamiani na Chumbageni, anaweza asione tofauti. Kwa anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa kupitia Soni, zaidi ya kilomita 30 za mteremko na kona, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, na pedeli inakwenda chini bila kushika chochote. Ndiyo maana nasisitiza kuyabadili kila baada ya miaka miwili.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili, injini imezimwa. Weka kipande cha ubao cha inchi mbili hivi chini ya pedeli. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ambayo sili hazifiki kila siku huwa na kutu na uchafu. Ukiikanyaga mpaka mwisho sili zinakwenda kukwaruzika huko, na ndiyo sababu gari linaingia gereji kutolewa upepo na kutoka na masta silinda mbovu. Chomeka kwenye nipeli mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa kurushia maji kwenye kioo unatosha ukibana vizuri, na ncha ya pili izame kwenye mafuta masafi ndani ya chupa.

Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikitoa mpangilio mwingine, fuata kitabu. Msaidizi akanyage polepole mara tatu, ashikilie, aseme "nimeshika". Fungua robo raundi, pedeli ishuke, funga, ndipo useme "achia". Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi. Kupampu harakaharaka kunausaga upepo kuwa povu laini ambalo halitoki. Likitokea, acha gari litulie nusu saa. Kila makanyago matano tazama kopo, lisishuke chini ya alama ya chini. Likikauka, upepo unaingia kwenye masta silinda yenyewe: huko unatolewa kwa kulegeza nati za paipu zake moja moja, tambara chini, msaidizi akiwa amekanyaga, na kukaza kabla hajaachia.

Ukiona pedeli bado ni laini, kaza nipeli na uangalie kama kalipa za mbele zimebadilishana pande. Nipeli lazima iwe juu. Ikiwa chini, upepo unabaki juu ya pistoni hata ukimaliza debe zima.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo. Yakidondokea rangi ya bodi, mwagia maji mengi papo hapo, usiyasugue. Rudisha vifuniko vya mpira vya nipeli, maana tundu likijaa chumvi na mchanga utarudi kwenye shida ileile ya kutu. Mwisho kanyaga kwa nguvu na kushikilia dakika moja, kagua kila nati, kisha washa injini ukiwa bado umekanyaga: pedeli ikishuka kidogo tu na kusimama, hiyo ni busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya kanyago, inafanya kazi. Ikiendelea kushuka, usilitoe gari nje ya geti.