Ile picha ya kiti cha magurudumu

Mwanangu Baraka,

Picha kumi na moja za wenzako nimeziona, na swali lako nimelisoma: "Mama, kuna ubaya gani nikiingia nao kupiga picha, wakati hospitali yenyewe imeshatupwa?" Umemuuliza mtu aliyekesha wodi ya wagonjwa wa akili miaka ishirini na sita, kwa hiyo vumilia.

La nesi kwanza. Medfield, hiyo hospitali ya wagonjwa wa akili hapo Massachusetts unapotaka kwenda, ilifunguliwa 1896 ikafungwa 2003. Majengo ya umri ule huwa na asbesto, rangi yenye madini ya risasi, na sakafu ambayo mvua imeshaila kwa chini. Kinyesi cha njiwa kikikauka, vumbi lake linaweza kuumiza mapafu, na hicho kitambaa ulichojifunga puani ni pambo tu. Viwanja viko wazi mchana, mtu yeyote anatembea. Milango wameipiga mbao. Tembea nje, ndani usiingie. Hilo nimelimaliza.

Sasa picha zenyewe. Kile kiti cha magurudumu katikati ya ukumbi, mwanga wa dirisha umekiangukia sawasawa: nani amekiweka pale? Si mgonjwa, wala si nesi, maana nesi hawezi kuacha kiti njiani. Kimesogezwa ili kitishe. Na ule mlango wenye kioo kidogo, mwenzako ameuandikia "jela". Mimi kwenye kioo kama kile nilichungulia kila usiku kuhesabu vifua vinavyopanda na kushuka. Sisemi hakukuwa na mateso. Yalikuwepo, huko na huku. Ila picha inayomgeuza mgonjwa kuwa jini haijamsaidia aliyeteswa.

Hospitali hizi hazikuhamwa kwa sababu ya mizimu. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, ile ile niliyoigawa mimi kwenye vikombe, ilikuwa imeshaanza kutumika, na 1963 Rais Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya matibabu karibu na watu. Wagonjwa walitolewa, vituo vingi havikujengwa, na wengine wakaishia barabarani au gerezani. Hao hakuna anayewatafuta na kamera. (Huku kwetu mtu akiropoka kidogo anaambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Anayetania hivyo hajawahi kupanga foleni pale na ndugu yake. Na Lutindi, hospitali nyingine ya akili kule Usambara, inapokea wagonjwa tangu 1904.)

Kuna picha zilizonishika. Willard, hospitali ya akili jimbo la New York, ilipofungwa 1995 wafanyakazi walikuta darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa. Yamehifadhiwa makumbusho, na mpiga picha Jon Crispin akapewa ruhusa kuyapiga picha moja moja, yakiwa wazi. Unaona nguo zilizokunjwa na barua. Hakuna kiti kilichosogezwa.

Nilikumbuka mama mmoja wa wodini kwangu. Begi lake lilikuwa stoo, na kila Ijumaa alikuja: "Sista, begi langu lipo?" Najibu lipo. Anashukuru, anarudi kitandani. Miaka tisa. Alipofariki, ndugu hawakuja, tukalifungua. Kulikuwa na sare ya shule ya mtoto mdogo, mpya, bado ina pini za dukani. Hatukujua ni ya nani. Nilijua jina lake, kabila lake na dawa zake zote, hilo sikuwahi kumuuliza.

Medfield kuna makaburi ya wagonjwa. Yalikuwa na namba tu, mpaka kijana wa skauti akahangaika majina yakarudishwa. Anzia huko Jumapili. Mafaili yaliyotapakaa chini mwenzako asiyaweke mtandaoni, picha ya saba nimesoma jina la mtu mpaka ugonjwa wake. Mwambie aifute leo.

Na uvae viatu vya kufunika, majani ya huko yana kupe.

Mama yako