Nimepandikizwa figo: je, nifunge na kusogeza saa za dawa?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Mombasa. Dada yangu alinipa figo, sasa huu ni mwezi wa nane. Nameza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, pamoja na vidonge vingine. Ramadhani inaingia na roho yangu inataka kufunga. Dozi moja niimeze kwenye daku na nyingine nikifuturu? Au ya asubuhi niimeze kavukavu, bila maji? Mama anasema Mungu aliyenipa figo hatashindwa kuilinda.

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amlipe dada yako kheri, na aibariki ile moja aliyobaki nayo.

Nianze na la kavukavu, maana ndilo jepesi. Kidonge kikipita kooni kwa makusudi saumu imebatilika, kiwe na maji au kisiwe nayo. Mafakihi wetu wa Kishafii wamesema hata iwe chembe ya ufuta.

La kusogeza saa lilinifanya nimpigie simu daktari wa figo kabla ya kukujibu, kwani mimi nimesoma fiqhi, sikusomea damu. Akanieleza kwamba kinga ya mwili wako itaiona figo ya dada yako kuwa ni mgeni, hata ikikaa miaka. Dawa ndiyo inayoilaza kinga hiyo. Ikipungua kwenye damu, kinga inaamka na kuishambulia figo. Ikizidi, dawa ileile huiumiza. Ndiyo maana siku ya vipimo unaambiwa usimeze ya asubuhi mpaka utolewe damu: wanatafuta kilichosalia baada ya saa 12. Sasa piga hesabu. Daku ya saa 10 na nusu alfajiri mpaka futari ya saa 12 na nusu jioni ni saa 14. Futari mpaka daku ni saa 10. Na kiu je? Figo iliyopandikizwa haitaki kukaukiwa maji, na joto la Mombasa unalijua. Katika mwaka wa kwanza, akasema, wagonjwa wao huwakataza kufunga.

Basi usifunge Ramadhani hii. Na kama daktari anayekutibu naye amekwambia kufunga kutakudhuru, hapo si ruhusa tena: ni wajibu wako kula. Mwenyezi Mungu amesema mgonjwa atimize hesabu katika siku nyingine (2:184), na akasema msijiue (4:29). Katika Sunan ya Abu Daud, Jabir anasimulia habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, akaota usiku ndoto ya janaba iliyompasa kuoga, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wa dini, na nia yao ilikuwa njema.

Mama yako mwambie kwa upole, usibishane naye: kulinda kwa Mungu kumekuja kwa njia ya vidonge hivyo. Akikuletea habasoda au dawa ya mizizi, ipokee kwa heshima, lakini usiitie mdomoni kabla ya kumuuliza daktari. Hata balungi, tunda halali tunalolila kila siku, hupandisha takrolimasi kwenye damu.

Kuhusu deni la siku utakazokula, usikimbilie fidya, yaani kulisha maskini badala ya kufunga. Wapo waliopandikizwa ambao baada ya mwaka au zaidi, figo ikiwa imetulia, daktari huwapangia dawa ya mara moja kwa siku na kuwaruhusu kufunga chini ya uangalizi. Ukiwa miongoni mwao, utalipa siku zako taratibu, na kuchelewa kwa udhuru hakukuongezei kitu. Madaktari wakikata shauri kwamba hutafunga tena maishani, hapo utatoa kibaba kimoja cha chakula cha mji, mchele kwa mfano, kumpa maskini kwa kila siku uliyokula.

Wallahu aalam.