Mnaoniomba listi ya maneno magumu ya kingereza

Juzi dogo mmoja wa hapa Moshi kaniinboksi, "Kaka nitumie listi ya maneno magumu ya kingereza, na mimi nataka kuongoza wageni mlimani." Listi sina, na ningekuwa nayo nisingekutumia, maana hizo listi ndo zinawamaliza. Mtu anakariri big, huge, immense, anaona zote "kubwa", akifungua mdomo anazichanganya kama makande.

Mimi nimeanza kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, kilo 20 kichwani njia ya Machame, kingereza cha kuombea maji. Nilivyoenda kuomba kuongoza wageni kwenye kampuni moja mjini, bosi kanisikiliza kidogo tu akacheka mbele za watu, akasema wewe baki na mizigo. Ile kauli sijaisahau na sitaki kuisahau. Leo nafikisha watu kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wageni wananiuliza nimesomea Uingereza au wapi. Nimesoma Majengo, la saba.

Nilichokuwa nafanya, jioni kambini wageni wakikaa kula mimi nasogea karibu na hema nasikiliza neno gani linakaa na lipi. Mvua wanasema heavy rain ila upepo ni strong wind, sijawahi kusikia mtu anasema strong rain. Hewa ya juu wanaiita thin. Sasa listi itakwambia thin ni sawa na slim na skinny, zote "nyembamba", haya nenda kamwambie mgeni air is skinny uone atakavyokutolea macho. Na mama wa watu ukimwita skinny umemtukana, slim ndo sifa, kuna jamaa yangu tipu ilimpita hivi hivi.

Vinyume navyo ni hivyo hivyo. Old kwa mzee kinyume chake young, kwa buti kinyume chake new. Mzigo ukiwa light kinyume ni heavy, rangi ikiwa light kinyume ni dark. Kwa hiyo daftarini usiandike neno peke yake, andika sentensi nzima. Narudia, sentensi nzima.

Halafu mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa raia wanaendelea na lugha yao, ndo maana mpaka leo kuna maneno mawili kwa jambo moja, start na commence, ask na inquire, help na assist. La kwanza la nyumbani, la pili la ofisini. Usiku wa manane pale kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, baridi inakata masikio, ukimwambia mgeni we shall commence atadhani umemletea mkataba asaini.

Vijana mnapenda mkato jamani. Bando la umbea lipo, la kusikiliza habari za kingereza nusu saa limeisha!

Dogo, anza na maneno ya kazi, njia, hewa, uchovu, kichwa kuuma. Jua tofauti ya tired, kachoka, na weak, kaishiwa nguvu, kabla hujagusa hiyo immense, maana mgeni aliye tired unampumzisha, ila akikwambia I feel weak, kichwa kinagonga na anatapika, huyo unamshusha usiku huo huo.