Sina Mume, Nina Wosia

Siku niliyomwambia mdogo wangu wa kiume kwamba nimeandika wosia, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akauliza la pili: "Sasa unamwandikia nani? Kwani wewe una nani?"

Hakuwa na nia mbaya. Kwa mawazo yake, na ya watu wengi ninaowafahamu, wosia ni wa baba mwenye wake wawili na viwanja vitano. Mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa atafariki, atazikwa, ndugu watakaa kikao, mambo yataisha. Mimi ni mkunga mstaafu, nimeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini, kwetu ni Muleba, Kagera. Nimeona mambo hayo yanavyoisha, ndiyo maana nikaandika.

Tulikuwa na mwenzetu wodini, naye hakuwa na mume. Alinunua kiwanja polepole, akajenga polepole, tofali kwa tofali kama tunavyojenga sisi watu wa mshahara. Aliishi na shoga yake wa tangu chuoni na msichana mmoja aliyemchukua akiwa na miaka minne, akamsomesha mpaka kidato cha tatu. Alipougua, shoga yake ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alipofariki walikuja ndugu kutoka mkoani, kikao cha ukoo kikaketi, mtoto wa kaka yake akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamteua. Baada ya miezi michache nyumba iliuzwa. Shoga alipewa kanga doti mbili. Msichana alirudishwa kwa bibi ambaye hakuwahi kumwona tangu ajue kusema.

Kwa muda mrefu niliwalaumu wale ndugu. Baadaye nilielewa kwamba hakuna aliyeiba. Taratibu zote zilifuatwa: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, tangazo. Mirathi isiyo na wosia hufuata damu na ndoa. Shoga si damu. Mtoto wa kulea ambaye hakuasiliwa kisheria, hata kama anakuita mama na jina lako liko kwenye ripoti zake zote za shule, mahakamani ni mgeni. Ndugu zako watapata chao hata usipoandika neno. Wosia unawaandikia wale ambao sheria haiwajui, na sisi tusioolewa mara nyingi hao ndio watu wetu.

Basi nikachukua daftari nikaanza kuorodhesha, na hapo ndipo nilipokwama, maana swali la kwanza halikuwa nimpe nani. Lilikuwa: kipi ni changu?

Nyumba ya Kimara haina utata. Niliinunua, hati ina jina langu, hakuna babu aliyezikwa uani. Lakini nina pia kipande cha kibanja Muleba, migomba na kahawa, alichoniachia baba. Kwa Wahaya kibanja si shamba tu, makaburi yamo humo. Na kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mwanamke anaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo ataitumia maisha yake yote bila kuiuza, labda ukoo uwe hauna mwanamume aliyebaki.

Kila mwanamke wa Kagera anapaswa kuijua kesi ya Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaiuza Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akidai mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mpwa akashinda pale, akashindwa mahakama ya wilaya, akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ile aliyonayo mwanamume inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na mauzo yakabaki halali. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Kwa hiyo ningeweza kukiuza kibanja changu, au kumpa nimtakaye. Sikufanya hivyo. Nimemwachia mtoto wa mdogo wangu, yule wa pili, anayekipalilia na kuniletea senene zilizokaangwa vizuri kila msimu. Kaka yake mkubwa alitarajia yeye. Nimeeleza sababu kwa mistari miwili ndani ya wosia, nawe fanya hivyo hivyo: ukimruka mtu anayedhani zamu ni yake, andika kwa nini. Chini ya kanuni za mila, kumnyima mrithi bila kutaja sababu ni kumpa silaha ya kuubatilisha wosia.

Nyumba ndiyo iliyonitoa jasho. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwagawia watu watatu sawasawa, nionekane mwenye haki. Mwanasheria niliyekwenda kumwona akaniuliza, "Hao watatu wanaweza kuishi chini ya paa moja mwaka mmoja bila kugombana?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Nyumba moja ukiwapa watu watatu umewapa kesi. Basi nyumba ni ya binti niliyemlea, peke yake, jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. (Tulipokagua tukakuta cheti chake cha kuzaliwa kina jina jingine la kati. Wewe angalia sasa hivi, usingoje watu wakabishane kama ni mtu mmoja au wawili.) Ila chumba cha uani chenye jiko lake nimesema rafiki yangu ataishi humo maisha yake yote bila kulipa kodi, na binti hataruhusiwa kuuza nyumba wakati rafiki bado anaishi humo. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Linawezekana: mmoja anapewa mali, mwingine anapewa haki ya kuishi. Lakini lazima liandikwe wazi, si kusema "amwangalie."

Huyo rafiki ni Mwislamu wa Tanga, na nilipomweleza akaanza na yeye kufikiria la kwake. Kwao hesabu ni nyingine. Warithi wana mafungu yao tayari, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya mazishi na madeni, wala haupewi mtu ambaye tayari ni mrithi bila ridhaa ya wenzake. Yeye alidhani hilo linamfunga. Mimi nikaona kinyume: ile theluthi ni kama imewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi, mtoto wa jirani, na msikiti. Tumeandikiana. Atakayetangulia atamwachia mwenzake kitu, na tumekubaliana kisiwe cherehani, maana zetu zote mbili zimekufa.

Sasa sadaka. Nilitaka kuwaachia wanakwaya wenzangu pesa kidogo, na zahanati moja ya misheni kule nyumbani fungu la vifaa vya wodi ya wazazi. Miaka yote ya ukunga nimeona mama akijifungulia kwenye kitanda kinachoyumba. Nikaandika kwa moyo mweupe "naiachia kwaya yangu." Mwanasheria akaifuta. Kwaya si mtu kisheria. Haina akaunti ya jina lake, haiwezi kushtaki wala kushtakiwa, na ikigawanyika mara mbili, kama kwaya zinavyojua kugawanyika, pesa ni ya upande upi? Vivyo hivyo kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani na hata kituo cha yatima ambacho hakijasajiliwa. Kinachoweza kupokea mali ni chombo chenye usajili, na kwa makanisa, misikiti na taasisi nyingi za hisani jina lenyewe huanza na "Wadhamini Waliosajiliwa wa..." Uliza jina hilo ofisini kwao, linakili herufi kwa herufi. Anayesajili wadhamini hao ni RITA, wakala huohuo wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, kwa hiyo kama una shaka na kituo fulani unajua pa kuulizia.

Na weka njia ya pili. Niliandika: kama zahanati haitakuwepo siku hiyo, fungu liende kwa wadhamini wa dayosisi kwa ajili ya huduma ya akina mama wajawazito. Pia usiandike kiasi cha shilingi, andika sehemu ya kumi au ya ishirini ya pesa itakayobaki. Laki tano niliyoikusudia wakati naajiriwa ingenunua ng'ombe kadhaa. Leo sijui kama inanunua ndama.

Mashahidi. Kwa wosia wa maandishi wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji angalau mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika pia, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, wote wakiwepo kwa pamoja unapotia sahihi. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne. Wosia wa mdomo nao ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mimi ni Mkristo wa mjini na pengine mahakama haitanihesabu chini ya mila, maana huangalia mtu alivyoishi na alivyokusudia. Lakini nilichukua masharti yaliyo magumu zaidi nikayafuata yote, halafu nikaandika juu kabisa dini yangu na mahali nilipoishi. Anayepewa kitu asiwe shahidi. Kwa sababu hiyo rafiki yangu, mtu aliyekuwa tayari kusaini hata mara kumi, alikaa barazani siku hiyo akimenya ndizi. Shahidi wa ukoo alikuwa binamu yangu ambaye simpi chochote na nilimwambia hivyo usoni. Alisaini, akala, akaondoka na mkungu.

Msimamizi wa mirathi nimemtaja, tena nimemuuliza kwanza kama atakubali. Kazi yenyewe si heshima tupu: ndani ya miezi minne tangu mahakama ya mwanzo imteue anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya ugawaji. Mpe mtu anayetunza risiti, hata kama si mtu unayempenda kuliko wote.

Kuna karatasi nyingine ambazo tunazisahau. Nilipokwenda SACCOS kuangalia fomu yangu ya mnufaika, nilikuta jina la mama. Mama alifariki mwaka 2009. Nilisimama pale dirishani nikajiona mjinga. Fomu za SACCOS, za mfuko wa pensheni, za bima ya maisha, zote zipitie, zisije zikasema hivi na wosia ukasema vile. Andika pia namba za akaunti na majina ya benki kwenye orodha tofauti, pamoja na madeni, maana madeni hulipwa kabla mtu yeyote hajapata kijiko. Namba za siri usiziandike popote.

Habari ya mazishi iweke nje ya wosia. Wosia kwetu hufunguliwa tanga likiwa limekwisha au linakaribia kwisha, na wewe umeshafukiwa. Mimi nataka kuzikwa Dar, na nimemwambia mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakufurahi. Tulibishana Krismasi nzima, na afadhali tulivyobishana nikiwa hai.

Nakala moja iko RITA, ambako pia wanasaidia kuandika, nyingine kwa mwanasheria, na msimamizi anajua zote mbili zilipo. Chini ya godoro hapana. Ukibadili mawazo, usimwambie mtu tu kibarazani kwamba umebadili: wosia wa maandishi hautenguliwi na wa mdomo. Andika mwingine, weka tarehe, utamke kwamba unaufuta wa kwanza. Na kama Mungu atakushangaza ukaolewa ukiwa na miaka hamsini na tano, andika upya wiki hiyohiyo.

Wangu nimeshaubadili mara moja. Rafiki yangu aliposomewa kile kipengele cha chumba cha uani alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akasema kuna jambo nimesahau. Nikadhani ni pesa ya umeme. Akasema, "Mpera. Huyo mtoto wako hapendi majani uani. Siku yako ya arobaini haijafika atakuwa ameshaukata." Tumeongeza mstari kuhusu mpera.