Mama anadarizi mashuka nyumbani: achukue mkopo wa milioni?

SWALI: Asalaam aleikum. Mama yangu ana miaka 64, anadarizi mashuka kwa mkono nyumbani, Tanga. Seti yake ni shuka mbili za sita kwa sita na foronya nne, anauza 110,000. Kitambaa tunanunua 6,500 kwa mita, uzi 700. Mkono wake unaweza seti mbili kwa mwezi, lakini anaishia moja kwa sababu mtaji haurudi kwa wakati: mteja akichukua mzigo analipa nusu, nusu nyingine mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Kampuni moja ya mikopo iko tayari kumpa 1,000,000 kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, rejesho kila wiki. Wanasema kwa umri wake ni bora mkopo uandikwe kwa jina langu. Tuchukue?

JIBU: Waaleikum salaam. Milioni asichukue. Pengo lake la mtaji halifiki hata laki na nusu, na sehemu kubwa ya pengo hilo inazibika bila mkopo.

Tuanze na seti moja. Shuka mbili za mita 2.75 ni mita 5.5. Kwa kitambaa cha upana wa mita 2.5, foronya nne zinatoka kwenye mita 1.7: unapasua vipande vinne vya sentimita 55, kila kimoja kinakunjwa kuwa mbele, nyuma na mfuniko. Jumla mita 7.2, lakini nunua 7.5, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa na ni lazima ifuliwe kabla ya kukatwa. Hiyo ni 48,750. Uzi 14 kwa maua ya kiasi ni 9,800. Fundi cherehani wa kupinda kingo tuweke 5,000, nauli na karatasi ya kunakilia ua 3,000. Seti imekula 66,550 na faida ni 43,450. Kama fundi wenu anatoza zaidi, badilisha tarakimu, njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Sasa ipeleke milioni kwenye mkono wa mama. Inanunua vifaa vya seti 15. Kwa seti mbili kwa mwezi, seti ya mwisho itaisha baada ya miezi saba na nusu, wakati mkopo unaisha mwezi wa sita. Kitambaa kitalala kabatini na riba haitalala nacho. Upande wa marejesho, asilimia 3.5 ikihesabiwa juu ya mkopo wote ni 35,000 kila mwezi, yaani 210,000 kwa miezi sita. Atarudisha 1,210,000, takriban 46,540 kwa wiki au 201,667 kwa mwezi. Faida yake akishona seti mbili bila kukosa ni 86,900. Zaidi ya 114,000 inayobaki kila mwezi itatoka wapi? Itatoka kwenye milioni ile ile. Ndivyo mtu anavyokula mtaji huku kitabu cha marejesho kinaonyesha ni mteja mzuri, hadi mwezi wa nne au wa tano, ambapo anakopa kwingine ili amalize. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, inawapata watu hapo.

Kinachombana mama ni mikono na macho kwanza, fedha ni ya pili. Mtaji unaozidi kasi ya mkono hauongezi shuka hata moja.

Anahitaji kiasi gani basi? Tangu anunue kitambaa mpaka nusu ya mwisho iingie ni kama siku 45. Kwa seti mbili kwa mwezi, fedha ya seti tatu lazima iwe njiani wakati wote, yaani 199,650. Kwa sasa, akishona moja kwa mwezi, tayari anazungusha ya seti moja na nusu. Pengo ni la seti moja na nusu nyingine: laki moja, kasoro kidogo sana.

Kabla ya kukopa hiyo laki, badilisheni malipo. Mteja anatoa nusu siku ya kuchukua mzigo. Nusu hiyo hiyo, 55,000, aitangulize siku ya kuagiza, nusu ya pili siku ya kukabidhiwa. Hapo kila seti inamdai mama 11,550 tu mfukoni mwake. Wateja wa zamani watanung'unika, na sishauri awabane wote mara moja. Aanze na oda za harusi, ambazo zina tarehe na mwenye shughuli ana michango. Na jina la maharusi lisidariziwe kwenye foronya kabla kianzio hakijaingia. Foronya yenye majina ya watu wawili haina mnunuzi mwingine duniani.

Kama wateja hawaelekei huko, chukueni 150,000: laki ya vifaa, iliyobaki miwani ya kusomea na taa. Watu wanadhani miwani si mtaji. Baada ya miaka 60 macho hayaoni vizuri vitu vya karibu, na mtu anayehangaika dakika tatu kutunga sindano kila uzi unapoisha anapoteza nusu saa au zaidi kwa siku. Apimwe, miwani iwe ya umbali wa mapajani anakoshikia kazi, maana wa kusomea kitabu ni tofauti kidogo. Taa ikae upande wa pili wa mkono wa sindano, kivuli cha vidole kisiangukie ua. Uzi aukate kama sentimita 45. Mrefu zaidi unapunguza kutunga, lakini unachakaa na kuota manyoya kabla haujaisha.

150,000 kwa miezi sita kwa riba ile ile ni 31,500, jumla 181,500, rejesho 30,250 kwa mwezi. Seti ya pili inaleta 43,450, kwa hiyo inajilipia na kubaki 13,200, na seti ya kwanza inaendelea kulisha nyumba kama kawaida. Kwa miezi minne riba inashuka hadi 21,000, ila rejesho linafika 42,750. Mama akiugua wiki moja tu, hesabu imevunjika. Ningelipa hiyo 10,500 ya ziada.

Hapo ofisini, jambo la kwanza la kuuliza ni riba inahesabiwa juu ya nini. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, na mtaji ukarudishwa 25,000 kila mwezi, riba ya miezi sita ni 18,375 badala ya 31,500. Asilimia ileile, tofauti 13,125. Pili, mkononi zinafika ngapi? Wakikata akiba ya dhamana asilimia 10, bima asilimia 2 na fomu 10,000, atapokea 122,000 lakini riba itakwenda juu ya 150,000. Laki ya vifaa inabaki, miwani ndiyo inakosa. Tatu, rejesho la wiki. Siku ya saba mama hana seti iliyokamilika, kwa hiyo rejesho la kwanza na la pili yatatoka kwenye mkopo wenyewe. Ombeni la mwezi, au la kwanza lianze baada ya siku 30. Afisa mikopo akikataa kabisa, mkopo huo umepangwa kwa muuza genge anayeshika fedha kila jioni. Mikopo ya simu ya siku 30 nayo haifai kwa mzunguko wa siku 45.

Asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa kampuni za daraja la pili, zile zinazokopesha bila kupokea amana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hao wamewapa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Ombeni kuona leseni, na nakala ya mkataba kwa Kiswahili kabla ya saini, si baada yake.

Kuhusu jina lako, usikubali kirahisi. Ukisaini wewe, deni ni lako na bima ya mkopo inakukinga wewe. Mama akitangulia mbele ya haki, bima hailipi kitu. Umri unaozuia mara nyingi ni masharti ya bima, na mengi huangalia umri siku mkopo unapoisha. Kwa miezi sita mama atakuwa na miaka 64 au 65, basi waulize ukomo wa bima yao ni miaka mingapi.

Njia ninayoipenda zaidi kwake ni VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana. Kwa kawaida mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa hiyo hisa za 50,000 zinafungua 150,000, na riba inarudi kwa wanachama siku ya kuvunja kikundi. Mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, na asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake. Ukomo wa juu wa umri uko upande wa vijana. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarejea 2024. Lakini inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na foleni ni ndefu. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kama kuna wadarizi wengine mtaani.

Sababu kubwa ya seti kukataliwa ni uzi kuchuja, na hapo rejesho linakwama. Nyekundu na zambarau ndizo wahalifu. Kabla ya kuanza, akate sentimita 10 za kila rangi, azilowanishe, azibane kati ya vipande viwili vya kitambaa cheupe na kupitisha pasi ya moto. Ukibaki mstari wa waridi, uzi huo urudishwe dukani siku hiyo hiyo ukiwa bado na karatasi yake. Seti moja iliyochuja ni 66,550 ya vifaa, marejesho ya zaidi ya miezi miwili.