Kabla hujaacha kazi au kurudi shule, jua kinachokuumiza

Mtu akiichoka kazi, mawazo hukimbilia kwenye njia mbili: atafute kazi nyingine au arudi shule. Mimi nimezipita zote mbili kwa nyakati tofauti, na watu huniuliza ipi ni bora. Huwa nawauliza kwanza: ni nini hasa kinachokuumiza pale ulipo? Wengi hunijibu, "Basi tu, kazi imenikinai." Jibu hilo halitoshi kufanyia uamuzi mkubwa namna hii.

Nilipokuwa mhasibu katika ofisi yangu ya kwanza, kila Jumapili jioni roho ilikuwa nzito, na niliamini kabisa kwamba uhasibu si fani yangu. Nikaanza kuweka daftari kando ya kitanda. Kila usiku niliandika kilichonikera siku hiyo na kilichonipa nguvu, kwa maneno machache tu. Baada ya wiki kadhaa nikayasoma yote kwa pamoja. Hesabu hazikuwemo kabisa upande wa kero. Kinyume chake, siku tulizofunga vitabu vya mwezi na kila kitu kikalingana, ndizo nilizorudi nyumbani nikiwa na furaha. Kero zilikuwa nyingine: kuletewa kazi mpya muda wa kutoka, kukaripiwa mbele ya wenzangu, likizo kuahirishwa bila kuulizwa. Mambo hayo hayatibiwi na shahada. Nilibadilisha mwajiri, fani ikabaki ileile, na usingizi ukarudi.

Wanasaikolojia Christina Maslach na Michael Leiter, waliochunguza uchovu wa kazini kwa miaka mingi, wametaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake hukosana: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na mambo unayoyathamini. Yapitie moja moja ukiwa na kalamu mkononi. Matano ya mwanzo, kwa maoni yangu, mara nyingi humhusu mwajiri, na mwajiri anaweza kubadilishwa. La sita ni zito zaidi. Kama huoni thamani katika kile unachokifanya, hata ukihamia ofisi nzuri namna gani utakikuta kinakusubiri. Hapo ndipo wazo la kubadili fani, na pengine kurudi shule, linapokuwa na mashiko.

Lakini angalia usije ukaamua ukiwa hoi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa: nguvu huisha, mtu huichukia au kuitenga kazi akilini, na ufanisi hushuka. Katika hali hiyo kila mlango mwingine huonekana mzuri. Chukua likizo kwanza kama unayo. Na ukiona huzuni inakufuata hata siku za mapumziko, hata kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda, muone daktari kabla ya kuandika barua yoyote.

Shule niliirudia miaka kadhaa baadaye, kwa sababu tofauti kabisa. Nilikuwa nakusanya matangazo ya nafasi niliyoitamani, nikisoma sehemu ya sifa za mwombaji. Karibu kila tangazo lilidai cheti cha juu cha taaluma ambacho sikuwa nacho. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Kama matangazo yanadai karatasi, shule ina kazi ya kukufanyia. Kama yanadai uzoefu au ujuzi wa programu fulani, kozi fupi au kuomba jukumu jipya hapo hapo ulipo kunaweza kutosha. Kurudi shule ili tu kuikimbia ofisi ni gharama kubwa, na siku ya mahafali swali lako utalikuta palepale.

Kwenye hesabu, wengi huandika ada peke yake. Andika pia mshahara utakaoukosa kwa muda wote wa masomo, maana huo unaweza kuizidi ada. Ndiyo maana mimi nilisoma jioni huku nikifanya kazi. Inachosha, sitaki kukudanganya, lakini nilianza na somo moja na nikajua mapema kwamba naliweza.

Ikiwa umeshapima yote na bado uko katikati, nakushauri ubadilike. Steven Levitt, wakati huo akiwa mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwaalika kwenye intaneti watu waliokwama katika uamuzi, sarafu ikarushwa kwa niaba yao zaidi ya mara 20,000 ili iwaambie wabadilike au wabaki. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2016, kwenye maamuzi makubwa kama kuacha kazi, waliobadilika walikuwa na furaha zaidi miezi 6 baadaye kuliko waliobaki walipokuwa. Hao walikuwa watu wa nusu kwa nusu kweli, kwa hiyo usiutumie utafiti huo kuruka hatua za mwanzo.

Usijiuzulu kwa ahadi ya mdomo. Subiri barua ya ajira au ya kukubaliwa chuoni iwe mkononi. Kabidhi kazi vizuri, kwani mwajiri mpya anaweza kumpigia simu yule wa zamani. Na wanaokutegemea waambie mapema, kabla barua yako haijafika mezani kwa mkuu wako, maana wao ndio mtakaobana nao matumizi.