Mama ameacha vidonge vya presha baada ya kusomewa orodha ya madhara

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 61 na aligundulika kuwa na presha miezi miwili iliyopita. Alianzishiwa amlodipini miligramu 10 na enalaprili miligramu 10, kila kimoja mara moja kwa siku. Baada ya wiki tano hivi alianza kukohoa kikohozi kikavu, na jioni miguu ikawa inavimba. Nilimsomea karatasi iliyomo ndani ya boksi. Tulipofika kwenye madhara, yakiwemo kuvimba koo, figo kushindwa kufanya kazi na matatizo ya ini, alinyamaza, akayafungia maboksi kabatini, na leo ni siku ya kumi na mbili hajameza. Je, dawa hizi ni hatari kiasi hicho? Na maneno kama "mara chache" na "mara chache sana" yana maana gani hasa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile lisilosubiri. Mama yako apimwe presha leo au kesho katika kituo chochote kilicho karibu, kisha arudi kliniki akiwa na maboksi yote mawili mkononi, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Akikutwa na 180 kwa 110 au zaidi, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Na akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mkono na mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali hata kama ni usiku.

Sasa turudi kwenye karatasi. Ile orodha haikuandikwa ili kumweleza mgonjwa kitakachompata. Ni kumbukumbu ya mambo yaliyoripotiwa na watu waliotumia dawa hiyo, na mengine huwapata pia watu wasioitumia. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza orodha yoyote ni hili: wangapi, kati ya wangapi? Katika karatasi nyingi zinazofuata utaratibu wa kimataifa, "mara nyingi sana" ni mtu 1 au zaidi kati ya 10, na "mara nyingi" ni kuanzia mtu 1 kati ya 100 hadi kukaribia 1 kati ya 10. Daraja linalofuata, ambalo baadhi ya karatasi huliita "si mara nyingi", ni kuanzia 1 kati ya 1,000. "Mara chache" ni kuanzia 1 kati ya 10,000, na "mara chache sana" ni chini ya hapo. Utaona kwamba "mara nyingi" ya kwenye karatasi inaweza kuwa na maana kwamba watu 98 kati ya 100 hawakupatwa na dhara hilo, jambo ambalo mtu anayesoma kwa Kiswahili cha kawaida hawezi kulifikiria.

Swali la pili ni kulinganisha: je, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake walipatwa na nini? Tuchukue miguu ya mama yako. Katika majaribio ya amlodipini, kuvimba kuliwapata watu kama 3 kati ya 100 waliotumia miligramu 5, na karibu 11 kati ya 100 waliotumia miligramu 10, ilhali kwa waliopewa kidonge kitupu hawakufika hata 1 kati ya 100. Takwimu hizo zinatuambia mambo mawili. Kuvimba kunatokana na dawa kweli, na kunapanda kwa kasi pamoja na dozi. Mama yako anatumia dozi ya juu kabisa inayotolewa kwa kawaida, na kwa hiyo sishangai hata kidogo.

Namna inavyotokea inafaa kueleweka, kwa sababu wengi wakiona miguu imevimba hufikiria figo. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haiilegezi kwa kiasi hichohicho mishipa inayoirudisha. Damu inaingia kwa wingi kuliko inavyotoka, shinikizo linapanda ndani ya vimishipa vyembamba, na maji huchujika kwenda kwenye nyama ya kifundo cha mguu, ambako mvutano wa dunia huyashikilia mtu anaposimama kutwa nzima. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, uhesabu hadi kumi, uachie. Ukiona kishimo kimebaki, hayo ni maji. Ndiyo maana pia vidonge vya kukojosha, ambavyo wengine hujinunulia wenyewe, husaidia kidogo tu hapa: tatizo si maji kuzidi mwilini, ni maji kukaa mahali pasipo pake. Daktari anaweza kushusha dozi iwe miligramu 5 au kubadilisha dawa. Msishangae ikiwa miguu haijapungua siku mbili tatu baada ya kuacha, kwa kuwa amlodipini hutoka mwilini polepole, kwa siku kadhaa. Lakini mguu mmoja pekee ukivimba na kuuma, au akishindwa kupumua akilala chali, hayo si mambo ya amlodipini na yasingojee.

Kikohozi kina chanzo kingine, nacho ni enalaprili. Dawa hii huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa, na kimeng'enya hichohicho ndicho chenye kazi ya kuvunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hujikusanya kwenye njia ya hewa na kuitekenya. Hutokea kwa takribani mtu 1 kati ya 10, na wanawake hupatwa zaidi. Ni kikohozi kikavu, chenye muwasho kooni, kinachosumbua sana usiku, na hakisikii dawa ya kikohozi ya aina yoyote. Nimewahi kumhudumia mzee aliyekuwa amekwisha kununua chupa tatu za dawa ya kikohozi na dozi mbili za antibiotiki katika maduka tofauti; hakuna aliyemuuliza anameza nini kila asubuhi. Dawa ikiachwa, kwa kawaida kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wachache huchukua hadi miezi mitatu. Daktari akiona inafaa, humhamishia mgonjwa kwenye losartani, ambayo hufanya kazi inayofanana bila kuigusa bradikinini kwa namna hiyo. Hata hivyo, kikohozi cha wiki mbili na zaidi katika nchi yetu kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kuwa na maelezo mazuri mkononi si sababu ya kuruka kipimo hicho.

Kwenye dirisha la dawa tumezoea kuyaita mambo haya "maudhi madogo madogo", na nakiri kwamba wakati mwingine tunalitumia neno hilo ili foleni isogee. Maudhi ni kikohozi na miguu. Kuvimba koo ni madhara, na hapo karatasi haikutia chumvi. Bradikinini ileile, kwa watu 1 hadi 7 hivi kati ya 1,000 wanaotumia dawa za kundi hili, huweza kuvimbisha midomo, ulimi, uso au koo kwa muda wa saa chache, mara nyingi bila kuwasha, na njia ya hewa ikaziba. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi ya wengine, na linaweza kutokea hata baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa bila tatizo. Dawa za mzio za kawaida hazilitulizi vizuri, kwa kuwa si mzio wa aina ile. Muulize mama yako leo kama mdomo au ulimi umewahi kuvimba, hata kidogo, hata ukanywea wenyewe. Akisema ndiyo, asimeze tena enalaprili, kaptoprili, lisinoprili wala ndugu zake wenye mwisho huo wa "prili", na jambo hilo liandikwe kwenye kadi yake kwa maandishi makubwa.

Kuhusu figo, hatari ipo lakini ina mlango wake. Enalaprili peke yake, kwa mtu mwenye figo nzima, huhitaji kipimo cha damu cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja) na potasiamu (chumvi ambayo figo huisawazisha) ndani ya wiki chache za mwanzo. Mambo huharibika pale inapochanganywa na dawa ya kukojosha na vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, ambavyo watu wetu hununua dukani kwa ajili ya mgongo na magoti bila kuviita dawa. Mwambie daktari kama mama anavitumia. Na kwa kuwa vidonge vya presha huazimana sana majumbani, naongeza: mwanamke mwenye ujauzito asiguse enalaprili wala losartani, kwani huharibu figo za mtoto aliye tumboni.

Swali la tatu ndilo ambalo karatasi hailijibu kabisa: tukiacha, tunapoteza nini? Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kushusha ile namba ya juu ya kipimo cha presha kwa 10 hupunguza kiharusi kwa takribani asilimia 27. Nayo asilimia hiyo isomwe kwa tahadhari ileile. Tuseme, kwa mfano tu, watu 100 wenye hali fulani wangepata kiharusi 11 miaka ijayo; kwa dawa wangepata 8. Watatu wameepushwa, wanane hawakuepushwa, na waliobaki wasingepata kwa vyovyote. Mtu anayekuambia "asilimia 27" bila kukuambia ya ngapi amekupa nusu ya habari.

Asilimia zisizo na msingi zimewahi kuleta maafa. Mwaka 1995 Uingereza ilitangaziwa kuwa aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ilikuwa kweli: kutoka mwanamke 1 hivi kati ya 7,000 hadi 2. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba Uingereza na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa 13,000. Ujauzito wenyewe, kwa bahati mbaya, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vile vidonge.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kliniki, chukua karatasi uandike tarehe aliyoanza kila kidonge, tarehe kikohozi kilipoanza, tarehe miguu ilipovimba, tarehe aliyoacha, na kila kitu kingine anachokunywa, dawa za mitishamba zikiwemo. Mwombe daktari au mfamasia ayaripoti madhara hayo kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; ni haki yenu, na hakuna anayeshtakiwa kwa kuripoti. Ikitokea siku nyingine akapewa atenololi, propranololi au klonidini, hizo zisiachwe ghafla hata siku moja, kwa sababu presha au mapigo ya moyo yanaweza kupanda kwa nguvu kuliko hapo mwanzo. Kwa hizi mbili alizoziacha, presha inarudi polepole tu na bila dalili yoyote, na ndiyo sababu nimeanza kwa kukutaka umpime leo au kesho.